Delhi: Mji Ulioyashinda Majina ya Wafalme



Wengi wetu hapa kambini tumelisikia jina la Delhi kwenye filamu, au kwa sababu kuna ndugu aliyeambiwa kwamba ugonjwa wake utatibiwa India tu. Makala hii inakwenda Delhi kwa sababu nyingine. Huo ni mji mkuu wa zamani sana, umejengwa na kuvunjwa mara nyingi, na karibu kila mtawala aliyeushika alitaka kuupa jina lake. Majina hayo mengi leo yamebaki kwenye magofu, lakini jina la zamani bado liko midomoni mwa watu. Tena kuna jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja: mitaa mingi ya Delhi inayosifiwa leo ilianza ikiwa makazi ya wakimbizi. Hilo nalo lina habari yake ya majina. Basi tuanze mwanzo.

Jina limetoka wapi?

Kwanza, wenyeji wenyewe hawasemi Delhi. Wanasema Dilli. Waandishi wa Kiajemi waliandika Dihli, halafu Waingereza wakaliweka kama tunavyoliona kwenye ramani. Ila kabla ya hao wote kuna mawe.

Jiwe moja la mwaka 1170, huko Bijolia katika Rajasthan, linataja mji wa Dhillika. Jingine la mwaka 1276 lilipatikana Palam, upande ule ule ambako leo kuna uwanja wa ndege wa kimataifa. Hilo la Palam liliandikwa kwa ajili ya kisima. Mfanyabiashara mmoja aitwaye Uddhara, ambaye ukoo wake ulitoka Uchh (leo ni Pakistan), alichimbisha kisima cha ngazi ili wasafiri wapate maji. Kwenye jiwe lake mji unaitwa Dhilli, na pia Yoginipura. Waliotawala nao wanatajwa kwa zamu: kwanza Watomara, kisha Wachauhan, kisha masultani. Yaani sehemu ya historia ya mji huu mkubwa tumeachiwa na mtu wa maji, tena mwenye asili ya mbali.

Kwa hiyo jina ni la zamani kuliko masultani wenyewe. Lakini maana yake ni nini? Hapo watu wa Dilli watakupa hadithi tatu, na kila mmoja atakuapia kwamba ya kwake ndiyo yenyewe.

Ya kwanza inasema zamani sana palikuwa na mfalme aitwaye Dhilu, na mji ukachukua jina lake. Hadithi fupi, haina mengi.

Ya pili ndiyo tamu. Kusini mwa mji, karibu na mnara wa Qutb Minar, kuna nguzo ya chuma yenye urefu wa mita 7 hivi na uzito wa zaidi ya tani 6. Imesimama juani na mvuani kwa miaka kama 1,600 bila kuliwa na kutu. Wanasimulia kwamba kuhani mmoja alimwambia mfalme Anangpal wa Watomara kuwa nguzo hiyo imeshuka ardhini hadi kichwani mwa Vasuki, mfalme wa nyoka, na kwamba ufalme wake utadumu kama nguzo ilivyo imara. Mfalme hakutulia. Akataka kuona kwa macho yake. Akaamuru nguzo ing'olewe, na kumbe chini yake ilikuwa na damu ya nyoka! Akairudisha haraka, lakini wapi, ikabaki inacheza. Kitu kilicholegea, kwa lugha yao, ni *dhili*. Basi mji ukaitwa hivyo, na ufalme wa Watomara nao ukalegea ukaanguka.

Ya tatu inatoka kwenye neno *dehli*, kizingiti cha mlango. Ukitazama ramani utaona kwa nini watu wanaipenda. Upande mmoja kuna vilima vya Aravalli, upande mwingine mto Yamuna, na ukipita katikati unaingia kwenye tambarare kubwa ya mto Ganga yenye rutuba. Atokaye kaskazini-magharibi na jeshi au na ngamia wa biashara, hapo ndipo anapovuka kizingiti.

Ipi ni kweli? Wataalamu wa lugha hawajakubaliana. Lakini hadithi za namna hii tusizidharau, maana zinaonyesha watu wanauonaje mji wao: mji wa kupita, mji ambao enzi hazikai. Maana inayobandikwa na mtu wa nje ni kitu kingine. Magazeti ya nje yameandika mara nyingi kwamba *Kakuma* kwa Kiswahili ni "pasipo mahali". Sisi wenye kusema Kiswahili tunasoma tunashangaa, maana neno hilo halimo katika Kiswahili chetu. Aliyelibuni alikuwa anaeleza anavyotuona yeye.

Kila mfalme na mji wake

Katika Mahabharata, utenzi mkubwa wa Wahindi, kunatajwa Indraprastha, mji wa ndugu watano Wapandava. Tangu zamani watu wa Delhi wameamini kwamba ulikuwa kwenye kilima kando ya Yamuna, pale ilipo Purana Qila, yaani Ngome Kongwe. Wachimbaji wa mambo ya kale wamepata pale mabaki ya makazi ya watu ya zaidi ya miaka 2,000. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, ndani ya kuta za ngome hiyo kulikuwa na kijiji kilichoitwa Indarpat. Enzi ilikuwa imekwisha zamani, wanakijiji wakabaki na jina.

Katika karne ya 11 Watomara walijenga ngome ya Lal Kot. Wachauhan wakawanyang'anya. Mwaka 1192 Prithviraj Chauhan akashindwa na Muhammad wa Ghor katika vita vya Tarain, na mwanzoni mwa karne ya 13 Delhi ikawa makao ya masultani. Kutoka hapo ni kama mashindano. Alauddin Khalji akajenga Siri. Ghiyasuddin Tughlaq akajenga Tughlaqabad, kuta nene kama mlima, na muda mfupi baada ya kifo chake mwaka 1325 mji ukahamwa. Mwanawe Muhammad akajenga Jahanpanah. Firoz Shah akajenga Firozabad. Kila mmoja alitangaza kwamba sasa mji mkuu ndio huu. Mtu wa kawaida akiulizwa unakwenda wapi, alijibu: Dilli.

Huyo Muhammad bin Tughlaq tusimpite haraka. Mwaka 1327 aliamua kwamba Delhi iko pembeni mno mwa himaya yake, akaamuru wakubwa wa mji, maulamaa na watumishi wa serikali wahamie Daulatabad, zaidi ya kilomita 1,000 kusini. Si kwa kupenda. Wengi walipata taabu njiani, na baada ya miaka michache mpango ukavunjika, watu wakaruhusiwa kurudi. Aliyetusimulia habari hizo ni Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco aliyefika Mombasa na Kilwa karibu mwaka 1331. Miaka michache baadaye alikuwa Delhi, kadhi wa sultani huyo huyo. Anasimulia kwamba kipofu mmoja aliyekataa kuhama aliburutwa njia nzima, na kilichofika Daulatabad ni mguu wake tu. Wanahistoria wanasema hapo kuna chumvi nyingi. Lakini chumvi hiyo haikutiwa bure. Watu walihamishwa kwa amri ya mkubwa mmoja, na uchungu wao ukatafuta hadithi ya kuubeba.

Mwaka 1398 Timur akauvamia mji akaacha maiti. Ukainuka. Mwaka 1639 mfalme Shah Jahan, yule aliyejenga Taj Mahal, akaanza mji mpya wenye Ngome Nyekundu na msikiti mkubwa wa Ijumaa, akauita Shahjahanabad. Leo ukimwambia dereva wa bajaji akupeleke Shahjahanabad, huenda akakutazama tu. Sema *Purani Dilli*, Delhi ya Kale, utafika. Na cha kuchekesha ni kwamba hiyo "ya kale" ni changa kuliko karibu miji mingine yote niliyoitaja hapo juu.

Waingereza nao hawakuwa tofauti. Baada ya kuzima uasi wa 1857 waliwafukuza wakazi nje ya kuta. Wahindu waliruhusiwa kurudi mapema, Waislamu wakangojeshwa zaidi. Tarehe 12 Desemba 1911 mfalme George wa Tano akatangaza kwamba mji mkuu wa India utahama kutoka Calcutta kwenda Delhi. Ili kujenga New Delhi, iliyozinduliwa mwaka 1931, vijiji vikaondolewa, kama Raisina, Malcha na kile cha Indarpat ndani ya ngome. Lakini Wahindi hadi leo wakitaja ikulu ya rais wao husema "Raisina", kwa sababu iko juu ya kilima cha kijiji hicho. Kijiji kiliondoka, jina likakataa.

Ngome iliyoitwa Kimbilio

Sasa tuirudie Purana Qila. Ngome hiyo ilianzishwa mwaka 1533 na Humayun, mfalme wa pili wa Wamughal. Aliuita mji wake Dinpanah. *Din* ni dini, neno letu lile lile. *Panah* ni hifadhi, mahali pa kukimbilia. Kwa hiyo Dinpanah ni Kimbilio la Dini, kama vile Jahanpanah ya Tughlaq ilivyokuwa Kimbilio la Dunia.

Kimbilio halikumhifadhi mwenyewe. Mwaka 1540 Sher Shah Suri alimshinda, Humayun akatoka mbio. Alitangatanga, akaishia kwa mfalme wa Uajemi, Shah Tahmasp, akapewa hifadhi. Miaka 15 ikapita kabla hajarudi kukikalia kiti chake cha Delhi, mwaka 1555. Miezi michache tu baadaye alianguka kwenye ngazi za maktaba yake humo humo ngomeni, akafariki Januari 1556. Kaburi lake ni jengo la fahari ambalo watalii hulipiga picha kila siku. Mwaka 1857 mfalme wa mwisho wa ukoo huo, Bahadur Shah Zafar, alikimbilia kwenye kaburi hilo Waingereza walipouteka mji. Akakamatwa hapo, akapelekwa uhamishoni Rangoon, akafia huko mwaka 1862.

Halafu ukaja mwaka 1947. India ikapata uhuru na siku hiyo hiyo ikakatwa vipande viwili, India na Pakistan. Mamilioni ya watu wakajikuta upande usio wao. Delhi, mji ambao mwaka 1941 ulikuwa na watu wasiofika milioni moja, ulipokea karibu wakimbizi laki tano, Wahindu na Masingasinga kutoka Punjab ya magharibi na kwingineko. (Hata hilo neno *laki* tunalolitumia sokoni ni la huko.) Wakati huo huo Waislamu wa Delhi walishambuliwa majumbani mwao, na zaidi ya laki tatu wakauhama mji. Walipokuwa wakisubiri treni za kwenda Pakistan, makumi ya maelfu walijazana sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa Purana Qila. Ya pili, kaburi la Humayun.

Hebu fikiri. Ngome iliyopewa jina Kimbilio mwaka 1533 ilikuja kuwa kimbilio kwelikweli baada ya miaka 400 na zaidi, na waliojihifadhi humo walikuwa watu wa Delhi wenyewe. Walikuwa wakimbizi kilomita chache tu kutoka milangoni kwao. Maji hayakutosha, vyoo havikutosha, mvua iliwanyeshea. Gandhi alifika mjini Septemba mwaka huo akaenda kuwaona. Mmoja wa waliofanya kazi katika kambi hizo ni Anis Kidwai, mama Mwislamu ambaye mume wake aliuawa katika fujo hizo. Alikwenda kwa Gandhi akiwa na msiba wake, akaelekezwa kambini kuhudumia wengine, na baadaye akaandika kitabu kwa Kiurdu kuhusu aliyoyaona. Ndugu zetu wa mashirika, huyo ni mwenzenu wa zamani.

Si wote waliopanda treni. Wapo waliorudi mitaani kwao mambo yalipotulia, na baadhi yao wakakuta nyumba zao zina watu wengine, na hao nao walikuwa wamefukuzwa kwao. Mkimbizi kumkuta mkimbizi ndani ya nyumba yake! Maumivu ya hapo hayajaisha hadi leo, na mtu anayekusimulia habari ya Delhi akaruka sehemu hiyo hajakusimulia yote.

Majina ya karatasi na majina ya watu

Wahindu na Masingasinga waliofika waliwekwa kwenye mahema, kambi za jeshi, shule, mahekalu na kando ya barabara. Kambi kubwa kuliko zote ilikuwa Kingsway Camp, kaskazini mwa mji, jirani na uwanja ule ambako mfalme George alitoa tangazo lake. Polepole serikali ikagawa viwanja na vijumba vidogo. Ndipo vikazaliwa vitongoji kama Lajpat Nagar, Rajinder Nagar na Patel Nagar. Lajpat Nagar imepewa jina la Lala Lajpat Rai, mpigania uhuru aliyefia Lahore mwaka 1928, mji ambao wengi wa wakazi hao wapya walikuwa wameuacha au walikuwa na ndugu huko. Mwaka 1951 wafanyabiashara waliokimbia wakagawiwa vibanda katika soko jipya, Khan Market. Jina hilo ni kwa heshima ya Dr Khan Sahib, kiongozi Mwislamu wa mpaka wa kaskazini-magharibi. Leo Khan Market ni kati ya sehemu zenye kodi ghali kuliko zote India.

Waliotoka Bengal ya mashariki walingoja zaidi. Walipewa ardhi kusini mwa mji katika miaka ya 1960, na kitongoji chao kikaandikwa EPDP Colony. Hizo ni herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza yenye maana ya "watu waliohamishwa kutoka Pakistan Mashariki". Wewe uliye na kadi mfukoni unajua vizuri kuishi ndani ya herufi. Watoto wakazaliwa wakiandika anwani yao hivyo. Mwishowe, katika miaka ya 1980, kitongoji kikawa Chittaranjan Park, kwa heshima ya mwanasheria na mwanasiasa wa Kibengali, C. R. Das. Sasa wakazi hufupisha wenyewe, CR Park, na watu hutoka pembe zote za mji kwenda kula samaki huko.

Mfano mwingine ni wa Watibeti, waliopata makazi kando ya Yamuna kuanzia miaka ya 1960. Karatasi za serikali zinasema New Aruna Nagar. Wao wenyewe husema Samyeling. Delhi nzima husema Majnu ka Tilla. Uchochoro mmoja, majina matatu. Ukitumia jina moja, msikilizaji atajua wewe ni nani.

Na jina la watu wenyewe? Kihindi rasmi kilimwita mkimbizi *sharanarthi*, anayeomba hifadhi. Wapunjabi wengi hawakulitaka. Walisema, sisi hatuombi, tunachapa kazi. Wakajiita *purusharthi*, mtu wa juhudi. Ni badiliko dogo la neno, lakini pima uzito wake: la kwanza linaelekeza kwa anayetoa, la pili kwa anayefanya. Kiswahili chetu nacho kina fumbo lake. *Mkimbizi* na *kimbilio* vimetoka kwenye mzizi mmoja. Anayekimbia hubeba kimbilio ndani ya jina lake, ingawa kwenye fomu linaandikwa jina lake tu.

Simaanishi kwamba mambo yao ni sawa na yetu. Wakimbizi wa 1947 walipewa uraia, walipiga kura, walipata viwanja na mikopo. Sisi tulio Kakuma, Nyarugusu au Nakivale tunahesabiwa wageni mwaka baada ya mwaka. Hakuna atakayetuletea Khan Market kwa sababu tumechapa kazi tu. Sheria ndiyo iliyoifungua Delhi kwao, na hilo lisemwe wazi, hasa mbele ya wanaotuhubiria kujitegemea.

Lakini majina hayahitaji kibali. Barabara kuu ya New Delhi ilijengwa ikiitwa Kingsway, baada ya uhuru ikawa Rajpath, na mwaka 2022 serikali ikaiita Kartavya Path, Barabara ya Wajibu. Kingsway Camp nayo rasmi ni Guru Tegh Bahadur Nagar, na kituo cha treni kimeandikwa GTB Nagar. Panda bajaji, useme "Kingsway Camp". Utafikishwa. Wazee waliolala kwenye mahema pale wamekwisha karibu wote, na neno *kambi* limebaki kama shahidi.

Kwa ndugu wa mashirika nina ombi moja: mkimwuliza mtu anaishi wapi, pamoja na zoni na bloki andikeni pia jina analotumia yeye. Kwa wakazi ombi langu ni kubwa kidogo. Kila kona ya kambi hizi ina jina ambalo halimo kwenye ramani ya ofisi: mti fulani, duka la mama fulani, bomba la kwanza. Wanaojua sababu yake wanazeeka, wengine wamehamishwa, wengine tumewazika. Kaa na mmoja wao wiki hii. Uliza nani alianza kuliita hivyo na mwaka gani. Andika kwenye daftari, weka tarehe, utuletee tuchapishe. Uddhara alikuwa na kisima tu, lakini jiwe lake bado linasomwa.